Mrejesho: Kujitolea Ujerumani, sasa majirani wananisalimia

Wakuu, nilileta kilio kwamba nimekuja Ujerumani kujitolea mwaka mzima kwenye nyumba ya wazee, na jengo ninaloishi hakuna anayenisemesha. Mlioniambia nianze mimi kusalimia, asanteni. Bibi wa ghorofa ya chini sasa ndiye mwalimu wangu: kanifundisha kutenganisha takataka, na kwamba chupa za plastiki za maji zinarudishwa dukani, unarudishiwa senti 25 kila moja. Nilikuwa natupa, jamani! Jumapili maduka yamefungwa na kelele ni mwiko, hivyo nafua Jumamosi. Kwaya ya mtaani nayo imenipokea na Kijerumani changu kibovu hivyo hivyo. Pilau ya kuwaalika majirani bado sijapika. Bizari nimeipata duka la Waturuki, nasubiri siku ya mapumziko.