MEA inapotea kwa chimni ya mtambo wa CO2, maji ya kuosha nimefungulia yote na bado

fundi_njoro: Habari zenu wadau. Niko Nakuru, mtambo wetu unanasa CO2 kwa moshi wa boila halafu gesi inauzwa kwa watu wa soda. Tunatumia MEA (monoethanolamini, ile amini ya majimaji inayonasa CO2) asilimia 30. Sasa kila wiki lazima tuongeze MEA, na huko juu kuna harufu ya samaki imechanganyika na amonia, majirani wameanza kulalamika na wako na haki. Nimefungulia maji ya kuosha gesi pale juu ya mnara ambamo moshi unakutana na MEA, hadi mwisho, wapi. Boila inachoma mafuta mazito. Nifanyeje?

otis_ksm: Kaka, usiguse pampu tena kabla hujajua kinachotoka ni mvuke ama ni ukungu. Mvuke ni rahisi, amini inapenda maji, ukiyapoza maji ya kuosha inashika. Ukungu ndio shida, ni vitone hata chini ya maikroni moja, vinafuata hewa vinapita katikati ya maji na demista ya waya (wavu wa kunasa matone) bila kugusa chochote. Na kwa mafuta mazito mimi nashuku hapo, sababu salfa kidogo inageuka SO3, moshi ukipoa inakuwa ukungu wa asidi, ukiingia mnarani kila kitone kinavuta maji na MEA kinanenepa kikitoka nayo. Jaribu hivi: poza maji ya kuosha, pima MEA inayotoka. Ikishuka ni mvuke, ikikaa palepale ni ukungu na dawa iko huku chini kwa moshi kabla uingie, badilisha mafuta ama weka chujio la kunasa vitone vidogo. Na ukipima, bomba la sampuli livute kwa kasi ileile ya gesi ndani ya chimni, la sivyo vitone vinakukwepa unaona namba nzuri ya uongo.

chemi_kakamega: Naongezea kwa otis. Hayo maji mnayazungusha tu ama mnamwaga kiasi na kuweka mapya? Yakijaa amini yanarudisha mvuke juu, hata pampu iwe kubwa aje. Halafu amonia hiyo inatokana na MEA kuchakaa kwa joto na oksijeni, na maji matupu hayaiwezi vizuri, inataka hatua ya pili ya maji yenye asidi. Tafadhali msiichukulie kama harufu tu. Zile amini zinazozaliwa MEA ikichakaa, zikikutana na oksaidi za naitrojeni zinaweza kuwa nitrosamini, na nyingi ya hizo zinaleta saratani. Norwei, wenye kituo cha majaribio cha Mongstad tangu 2012, taasisi yao ya afya ilipendekeza hewa ya watu isizidi nanogramu 0.3 kwa mita moja ya ujazo, nitrosamini na jamaa zake nitramini zikijumlishwa.

fundi_njoro: Tunazungusha tu, hatumwagi. Kesho naanza na hayo halafu nipoze nipime. Hiyo ya asidi, si itakula mnara?

chemi_kakamega: Chuma cha kawaida itakula. Hiyo sehemu ifanye ya faibaglasi, asidi ya salfa iwe hafifu, na maji yake yasirudi kabisa kwa MEA.