Lenzi ya mtumba: yenye mkwaruzo au yenye "vumbi kidogo"?

Mpigapicha wa Dunda

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mpigapicha wa harusi na mahafali hapa Bagamoyo, na kamera yangu ni Nikon D5300 yenye lenzi ile iliyokuja nayo kwenye boksi. Kwa shughuli za usiku lenzi hiyo imenishinda, kwa sababu mwanga wa ukumbini ukiwa hafifu picha hujaa chengachenga, au maharusi huonekana kama wametikisika.

Nimepata wauzaji wawili mtandaoni, wote wapo Dar es Salaam. Wa kwanza anauza lenzi iliyoandikwa AF NIKKOR 80-200mm 1:2.8 D kwa shilingi 850,000, lakini kioo chake cha mbele kina mkwaruzo wa wazi, urefu wake kama punje ya mchele. Wa pili anauza AF-S NIKKOR 70-200mm 1:2.8 G II kwa shilingi 1,600,000. Kwa nje ni kama mpya, ila nilipomwomba picha ya ndani niliona vijinyuzi vyeupe ukingoni mwa kioo, naye akanijibu kwamba ni vumbi kidogo tu. Mkwaruzo ule unanitia hofu. Je, niongeze fedha nichukue hiyo safi? Na je, lenzi iliyokwisha kutumika hudumu kwa kiasi gani katika hewa yetu hii ya chumvi?

Fundi wa Ngamiani

Ndugu yangu, vumbi halina nyuzi. Ulichokiona ukingoni ni fangasi, na hapa Tanga lenzi nyingi zinazoletwa mezani kwangu zimeharibiwa na hiyo kuliko na kuanguka. Fangasi huanzia pembeni kama utando wa buibui, kisha hutambaa kuelekea katikati, na kadiri inavyokaa hutoa asidi inayokula lile tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo ili kupunguza mng'ao. Ikiwahiwa, fundi hufungua lenzi, akaisafisha, ikapona kabisa. Ikichelewa, hata baada ya kusafishwa alama hubaki, na picha hupauka kama imepigwa nyuma ya pazia.

Mkwaruzo wa mbele hautishi kama unavyodhani. Kioo cha mbele kiko mbali mno na mahali ambapo picha inajengeka, kwa hiyo mkwaruzo mdogo hauonekani kwenye picha, isipokuwa pale unapopiga ukielekea jua au taa kali, ambapo unaweza kuleta ukungu wa mwanga. Kofia ya lenzi, ile ya kukinga mwanga wa pembeni, hupunguza tatizo hilo kwa sehemu kubwa. Kioo cha nyuma ndicho cha kukiogopa, maana hata mkwaruzo mdogo wa huko huathiri picha zaidi.

Usinunue bila tochi. Fungua tundu la mwanga hadi mwisho, mulika kutoka upande mmoja na utazame kutoka upande wa pili kwa mshazari, si moja kwa moja, kwa kuwa fangasi na utando wa mafuta hujificha ukitazama moja kwa moja. Kisha tazama vile vibapa vya chuma vinavyofungua na kufunga tundu: vikiwa na mafuta vitakuwa vizito, na picha zako zitatoka na mwanga mwingi kuliko uliopanga. Punje mbili tatu za vumbi halisi zisikukoseshe usingizi, kila lenzi ya zamani inazo. Mimi ningechukua ile yenye mkwaruzo.

Mama Studio

Fundi, kuhusu vioo sina neno, lakini umepitiwa na jambo moja ambalo lingemgharimu kijana wetu. Lenzi hiyo yenye mkwaruzo ni AF, si AF-S. Haina mota ya kurekebisha fokasi ndani yake. Huzungushwa na mota iliyomo kwenye kamera, na D5300, kama zilivyo kamera zote za mfululizo wa D3000 na D5000, haina mota hiyo. Itafungika vizuri na itapima mwanga, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono, jambo ambalo katikati ya bi harusi anayeingia ukumbini ni mateso. Ungekuwa na D90, D7000 au D7100 ingefanya kazi bila shida.

Wala usiidharau kwa sababu hiyo. Lenzi isiyo na mota ndani ina kitu kimoja pungufu cha kuharibika, ilhali mota ya AF-S ikichakaa matengenezo yake ni ghali. Hesabu zako basi ziwe hivi: 80-200 pamoja na bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya D7100 iliyotumika, dhidi ya lenzi moja yenye ugonjwa. Bodi nayo uliza imepiga picha ngapi, kwa sababu shata, yaani pazia linalofunguka kila unapopiga picha, ya D7100 ilijaribiwa kiwandani kwa mapigo 150,000.

Kuhusu hewa yetu, fangasi hupenda unyevu unaozidi asilimia 60, na masika hapa pwani hauhitaji kipimo kujua kwamba umevuka. Tunza lenzi kwenye kontena la plastiki lenye mpira mfunikoni, pamoja na silika ya kunyonya unyevu, ukilenga asilimia 40 hadi 50. Begi la ngozi kabatini ni shamba la fangasi. Mchele, ambao watu wanapenda sana kuutumia badala ya silika, huacha unga. Ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kuingia joto la nje, iache lenzi ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, la sivyo itatoka jasho. Na ukishapiga picha ufukweni, puliza mchanga kwanza, kisha futa mwili wa lenzi kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kwa maana chembe za chumvi zikisuguliwa kavu hukwaruza.

Fundi wa Ngamiani

Mama, umenisahihisha kwa haki, niliangalia vioo nikasahau bodi. Niongeze tu kwamba kuanika lenzi juani ili kuua fangasi ni hatari, kwani joto huyeyusha grisi ikafika kwenye vibapa.

Mpigapicha wa Dunda

Nawashukuru sana. Mwenye 80-200 amekubali tukutane Jumamosi, nami nitaazima D7000 ya rafiki yangu ili nijaribu fokasi hapohapo kabla ya kutoa fedha. Mwenye 70-200 alitaka nitume nusu ya malipo kwa simu kabla ya kuiona. Nilipomwambia kwamba nitakuja na tochi, hakujibu tena.