Naomba ushauri: mshipi wa kusuka kwa rili mbili

Wavuvi wenzangu, habari za bahari. Nataka kujaza mshipi wa kusuka kwenye rili (vikunjio vya mshipi) mbili. Moja ni saizi 4000, fimbo ya futi 7, ya kurushia chambo bandia kando ya mwamba hapa Nyali. Nyingine ni 8000, fimbo fupi ya mashuani, ya kolekole na tewa.

Ile ndogo naona PE 2 (PE ni kipimo cha unene wa mshipi) ya nyuzi 8. Ni laini, hupita kwenye pete bila kukwaruza na hufika mbali. Kwa kubwa nasita: PE 5 ya nyuzi 4, ambazo ni nene na huvumilia matumbawe, au nyuzi 8 tena?

Chini nitatanguliza nailoni mizunguko kumi hivi, maana mshipi wa kusuka ukifungwa peke yake huteleza na kuzunguka wote kwenye spuli, samaki akivuta breki haishiki. Nitaukaza wakati wa kujaza, usije ukajizamisha kati ya mizunguko yake.

Mbele nafunga nailoni ya ratili 80 kwa FG, fundo la kuunganisha mshipi wa kusuka na nailoni. Kwa tewa anayekimbilia pangoni, mita 2 zatosha, au 4? Na kuna anayetumia ule wenye rangi tofauti kila mita 10? Rangi yake hudumu kwenye chumvi?