Makumbusho madogo ya historia au idara ya makumbusho makubwa: nikajifunze wapi uhifadhi?

Mgeni_Njiani
Wakuu, habari za majukumu. Naomba mawazo yenu, natakiwa kujibu wiki hii. Nimepata nafasi mbili za mafunzo kwa vitendo na zote zinaanza wakati mmoja. Moja ni makumbusho madogo ya historia, jengo moja lenye vyumba vichache vya maonyesho na stoo nyuma. Nyingine ni idara ya picha ya makumbusho makubwa, huko nimeambiwa nitakuwa naskani negativu. Lengo langu ni kuwa mhifadhi wa mikusanyo. Nichukue ipi? Mniongoze bila matusi tafadhali.

Vumbi_la_Stoo
Nimewahi siti ya mbele.

Mzee_Rejista
Mleta uzi, umetupa nusu ya habari halafu unataka jibu zima. Nani atakusimamia kila upande? Unalipwa? Ni kwa muda gani? Hayo madogo yana rejista au yana vifaa tu? Stoo umeingia, au umeonyeshwa mlango? Jibu hayo kwanza, maana kwa ulivyoandika anayekushauri anapiga ramli.

Mpiga_Penseli
Mzee asikutishe. Nenda kwenye madogo. Makumbusho makubwa yamegawa kazi vipande vipande: huyu anapokea, yule anapiga picha, mwingine anaandika lebo, na mwanafunzi anaweza kumaliza muda wake wote hajakiona kifaa kimoja tangu kinaingia mlangoni mpaka kinakaa kabatini. Kwenye madogo kikiletwa asubuhi, wewe ndiye unayejaza fomu ya kupokea, unayekipima, unayeandika hali yake ("ufa chini ya mpini, kutu ukingoni, kipande cha kifuniko hakipo") na unayekipa namba.

Na kuweka namba kwenyewe ni ufundi. Tuseme ni 2024.7.3, yaani mwaka 2024, kundi la saba kuingia mwaka huo, kifaa cha tatu ndani ya kundi. Kwenye kauri yenye gilasi, ule utando unaong'aa juu yake, unapaka kwanza tabaka jembamba la Paraloid B-72, vanishi angavu ya akriliki, unaacha likauke, unaandika juu yake kwa wino usiofifia, halafu unafunika kwa tabaka jingine. Siku ikibidi kuifuta, asetoni inaondoa yote na kauri inabaki ilivyokuwa. Unachagua mahali ambapo mgeni hapaoni lakini pia hapasuguliwi kifaa kikisimama. Nguo haipakwi kitu: unaandika kwenye utepe wa pamba na kuushona kwa mishono michache. Karatasi ni penseli laini, upande wa nyuma, kwenye kona. Haya hufundishwi mbele ya skana.

Bi_Picha
Mpiga_Penseli, unaongea kama vile kuskani ni kubonyeza kitufe. Filamu za naitreti, aina ya plastiki ya zamani ya filamu, ambazo zilitengenezwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, zinashika moto kirahisi, na zikishaungua zinajitolea oksijeni zenyewe, kwa hiyo kuzizima ni shughuli. Zile za aseteti, plastiki iliyokuja kuchukua nafasi yake, zikianza kuoza zinanuka siki na kujikunja. Mwanafunzi anayejua kuzitenganisha kwa kusoma ukingo wa filamu na kwa pua yake ameshajua kitu ambacho wahifadhi wengi wa "kila kazi" hawakijui. Halafu kuna kuandika maelezo: nani kapiga, wapi, lini, nani wapo pichani, haki ya kunakili ni ya nani. Picha isiyo na hayo ni sura tu za watu.

Na tusidanganyane, jina la makumbusho makubwa kwenye sivii linafungua milango.

Mpiga_Penseli
Linafungua mlango wa kwenda kuskani tena.

Kioo_Wazi
Nyote mnazungumzia vitu, watu mmewasahau. Fasili ya makumbusho iliyopitishwa na ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, huko Prague mwaka 2022 inataja utafiti, ukusanyaji, uhifadhi, ufafanuzi na maonyesho, tena kwa kuzishirikisha jamii. Mhifadhi asiyeweza kuandika lebo ya maneno sitini ambayo mtoto anaielewa, na mtu mzima haoni amedharauliwa, huyo ni mlinzi wa stoo. Mleta uzi, uliza wapi utaongoza wageni. Simama mbele ya darasa la watoto wa miaka kumi na jembe la zamani mkononi, utajua haraka kama unaielewa historia yake au ulikuwa unaikariri.

Vumbi_la_Stoo
Walinzi wa stoo tumesikia.

Mgeni_Njiani
Samahani kwa kuchelewa wakuu. Madogo: mhifadhi aliyekuwepo amestaafu, kwa sasa hakuna. Nitakuwa chini ya meneja ambaye pia ndiye anakata tiketi. Hakuna malipo, nauli tu. Rejista ipo, daftari kubwa jekundu, sijalifungua. Makubwa: kuna posho, na msimamizi ni mtaalamu wa picha. Muda ni sawa pande zote. Nilisahau kusema, hao wadogo wameniahidi niandae maonyesho yangu mwenyewe.

Mzee_Rejista
Mhifadhi amestaafu! Hilo ndilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza wa uzi huu.

Nondo_Mla_Nguo
Naomba nimsimulie mdogo wetu, maana naona njia niliyopita inampitia.

Mimi nilianzia makumbusho madogo pia, siyataji. Meneja mcheshi, chai haikosekani, na ahadi ileile ya maonyesho yangu mwenyewe. Nilipofungua rejista nikakuta si moja, ni tatu, za watu watatu wa nyakati tofauti, na kila mmoja alianza upya kutoka namba moja. Kwa hiyo namba 41 ilikuwa kibuyu, ilikuwa bastola, na ilikuwa picha yenye fremu. Kibuyu kilikuwa na namba yake. Bastola ilikuwa na kikaratasi kimefungwa kwa mpira, mpira umeyeyuka na kugandia kwenye chuma. Nyaraka zilikuwa kwenye mifuko ya plastiki ya PVC inayonata, wino umehamia kwenye plastiki, ukivuta unavuta na maandishi.

Nikaanza kupanga. Siku moja ikaja familia, dada na kaka zake, wanataka koti la jeshi la babu yao lililokuwa kwenye maonyesho. Wanayo barua: waliliazimisha kwa ajili ya maonyesho ya muda. Meneja anasema lilikuwa zawadi. Tukatafuta fomu ya zawadi, hakuna. Ya kuazima, hakuna. Dada akaomba alione. Lilikuwa limetundikwa kwenye hanga ya waya mbele ya dirisha, miaka na miaka. Bega la upande wa jua limepauka, bitana imechanika kwa kuufuata waya, na vifungo vya shaba mtu alivisugua kwa dawa ya kung'arishia masufuria, unga mweupe umebaki kwenye kitambaa kuzunguka kila kifungo. Dada akauliza, kwa upole kabisa, nani hapa anatunza hivi vitu. Meneja akaninyooshea kidole.

Nilikuwa na wiki chache pale! Koti lilitundikwa nikiwa bado shule.

Udogo wa makumbusho haukuwa tatizo. Tatizo ni kumwacha mwanafunzi peke yake na miaka hamsini ya uzembe, halafu wakaita mafunzo. Kila nilipokwama hakuna wa kumuuliza.

Mpiga_Penseli
Pole sana. Lakini kubali, hakuna darasa lingekufundisha umuhimu wa hati ya zawadi kama siku ile.

Nondo_Mla_Nguo
Ilinifundisha kuomba radhi kwa kosa la mtu mwingine. Asante.

Kioo_Wazi
Swali la pembeni: hilo koti ulilishika kwa glavu nyeupe?

Bi_Picha
Jamani, glavu nyeupe za pamba tuziachie televisheni. Karatasi unashika kwa mikono safi, mikavu. Ukivaa pamba huisikii kona, unachana. Glavu za naitrili, zile za mpira wa kiwandani, ni za kushikia chuma na picha, kwa sababu chumvi na mafuta ya vidole huacha alama.

Kioo_Wazi
Mgeni akiona mhifadhi anashika kitabu cha kale kwa mikono mitupu anaona ni dharau. Heshima nayo ni sehemu ya kazi.

Bi_Picha
Heshima ya kitabu ni kisichanike.

Mzee_Rejista
Na wanyama waliokaushwa wa zamani msiwaguse bila glavu kabisa, wengi walipakwa sumu ya aseniki dhidi ya wadudu. Hapo glavu ni ya kukulinda wewe. Sasa turudi kwa kijana.

Mgeni, ukienda kwenye madogo, usiende mikono mitupu. ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi, wana mwongozo uitwao RE-ORG, umetengenezwa kwa stoo za makumbusho madogo zilizoelemewa, na unapatikana bure. Unaanzia kwenye usimamizi, jengo, mikusanyo na samani, siyo kununua makabati. Kwa taratibu za kila siku soma Spectrum ya Collections Trust ya Uingereza: taratibu 21, lakini 9 ndizo za msingi, na hizo zinakutosha. Usirithi fujo ukaipa namba mpya juu ya namba za zamani. Namba ya zamani haifutwi hata kama ni mbovu, inaandikwa pembeni, maana ndiyo kamba pekee inayokufikisha kwenye rejista ile.

Na kabla ya kukubali, waandikie barua pepe uwaulize kama aliyestaafu anaweza kuja hata mara moja kwa wiki. Wastaafu wa makumbusho hawaendi mbali, wengi wanasubiri kuitwa. Wakikataa kumwita, nenda kaskani.

Vumbi_la_Stoo
Mimi nipo tayari kuitwa.

Mpiga_Penseli
Mzee, unamwambia akajisomee miongozo, akatafute msimamizi, na halipwi. Si bora wamwajiri tu?

Nondo_Mla_Nguo
Ndiyo hoja yangu. Kazi ya mhifadhi mzima anapewa mtu kwa nauli. Wenye wazazi wa kuwalisha ndio wanaobaki kwenye hii fani, wengine wanakimbilia benki.

Kioo_Wazi
Hata makubwa posho yenyewe unaiona? Tusianze siasa.

Nondo_Mla_Nguo
Njaa siyo siasa.

Mgeni_Njiani
Wakuu nimempigia meneja. Amesema mhifadhi mstaafu anaishi karibu na atamwuliza. Pia amesema rejista ziko mbili.

Vumbi_la_Stoo
Bado ya tatu 😂

Bi_Picha
Mgeni, waulize na makubwa kama watakuruhusu siku moja kwa wiki ukae na mtu wa rejista. Idara nyingi hazikatai, hakuna anayeomba tu.

Mgeni_Njiani
Hilo sikuliwaza. Nitawaandikia leo. Halafu meneja kanitumia picha za stoo, kuna nguo za kufuma zina vitundu na kama punje za mchanga chini yake. Ni kawaida?

Nondo_Mla_Nguo
Siyo mchanga huo, ni mavi ya wadudu. Waambie leo hii wazitenge na nguo nyingine, na hapo zilipokuwa wapige mashine ya kunyonya vumbi mpaka kwenye nyufa za sakafu.

Kioo_Wazi
Si wapulizie dawa tu?

Nondo_Mla_Nguo
Usipulizie dawa juu ya nguo ya makumbusho, unaweza kubadilisha rangi na anayekuja kuishika baadaye hajui umepaka nini. Wadudu wanagandishwa humohumo ndani ya nguo. Kwa nyuzi 30 chini ya sifuri siku tatu zinatosha. Friza ya kawaida ya nyumbani inafika kama 18 chini ya sifuri, hiyo iache wiki mbili.

Mpiga_Penseli
Nguo yenye vifungo vya chuma na shanga nayo ndani?

Nondo_Mla_Nguo
Yenye shanga za kioo au rangi iliyopakwa usiweke mpaka umwulize mtaalamu. Pamba na sufu tupu hazina shida. Funga kwenye mfuko wa polithini, toa hewa kadiri unavyoweza, ziba kabisa. Na ukitoa usifungue siku hiyohiyo, acha mfuko upate joto la chumba kwanza, la sivyo unyevu unatua kwenye kitambaa badala ya kutua nje ya mfuko.