Mrejesho: kile kicheko cha msibani

Wapendwa, nimerudi. Mwezi uliopita niliwaeleza jinsi nilivyoangua kicheko msibani Igoma, Mwanza, jeneza la baba mdogo likiwa mbele yangu, na shangazi akakataa hata salamu yangu.

Daktari nilimwona kama mlivyonisihi. Aliniuliza kama nimewahi kupata kiharusi au kuumia kichwa, maana hivyo vinaweza kuleta kicheko au kilio kisichozuilika. Sijawahi. Akasema yangu ni hofu na majonzi yanayotafuta pa kutokea. Akanitajia Kashasha, ng'ambo ya ziwa karibu na Bukoba: Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka shuleni, wakaishia 95 kati ya wanafunzi 159, hadi shule ikafungwa mwezi Machi. Nililia pale pale. Kumbe si roho mbaya.

Alinifundisha kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ninavyoivuta, na kukazia macho kitu kimoja. Jumamosi ilikuwa arobaini. Padri alipoanza kusali, tumbo likaanza kutetemeka. Nikashika ncha ya khanga, nikahesabu korosho zilizochorwa pindoni, moja moja, huku nikitoa pumzi. Kikapita.

Ila la shangazi ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Nilimfuata uani akipara sato, nikapiga goti, nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, magamba yakiruka. Halafu akanisogezea kisu cha pili na beseni: "Haya mwanangu, nisaidie hawa waliobaki."