Naambiwa nitupe jiko zima kwa sababu ya fyuzi moja

Ndugu wanajamvi, naliandika hili kwa hasira, na nina sababu. Mwaka jana nilinunua jiko la presha la umeme katika duka moja hapa Mbeya mjini, kwa fedha ambazo kwa kipato changu si ndogo. Nililinunua kwa ajili ya maharage. Wenyeji mnajua kwamba mji wetu uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika nyuzijoto 95, na sufuria ya maharage inaweza kushinda kwenye mkaa tangu asubuhi hadi mchana bila kuiva. Jiko la presha huyamaliza ndani ya saa moja.

Mwezi uliopita lilizima katikati ya kupika. Dukani hawakulifungua hata kulitazama: waranti ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma, spea hawana wala hawajawahi kuwa nazo, basi nilitupe, ninunue jingine.

Nililipeleka kwa fundi Mwanjelwa. Skrubu za chini zilikuwa na kichwa cha pembetatu, kwa hiyo ilimbidi kwanza achonge bisibisi ya kuziingia. Ndani kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa fyuzi ya joto, kidude chembamba ambacho hukata umeme jiko linapopata joto kupita kiasi, na kikishakata hakirudi tena. Kiliandikwa nyuzi 172, ampea 10. Tulizunguka hadi Sido hatukukipata. Mwishowe fundi alichomoa cha namna hiyohiyo kwenye jiko bovu lililotelekezwa na mteja, akakipima kwa mita, akanitoza shilingi 5,000 pamoja na ufundi. Jiko linapika hadi leo.

Hasara ningeivumilia. Nisichoweza kuvumilia ni kwamba ukosefu wa spea unahatarisha watu, kwa maana fundi aliniambia wateja humwomba aunge waya moja kwa moja badala ya fyuzi, yeye hukataa, lakini wapo mafundi wanaokubali. Jiko la namna hiyo likizidi joto halina cha kulizuia, na linakaa chumba kimoja na watoto.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie. Vizuri, lakini majiko hayo yakiharibika yarekebishwe na nini? Mwaka 2021 Ufaransa ilianza kulazimisha baadhi ya bidhaa, televisheni zikiwamo, zioneshe alama ya urahisi wa kuzirekebisha kabla mnunuzi hajalipa. Mimi nadai pungufu ya hapo: anayeuza jiko auze pia fyuzi yake na mpira wa mfuniko wake, na skrubu ziwe za bisibisi ya kawaida.

Anayejua duka la Mbeya, Iringa au Makambako linalouza fyuzi hizo kwa rejareja alitaje hapa. Fundi anahitaji kumi za akiba.