Vipimo vya kuinama havilingani: mgonjwa anajifanya, au kosa ni la kipimo?

Mpimaji_Mkomani
Assalaam alaykum. Nina mchukuzi wa mizigo wa hapa jetini Lamu aliyeumia kiuno. Bima inataka asilimia ya ulemavu wa kudumu kwa njia ya mwendo wa uti wa mgongo, toleo la 5 la mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Marekani. Kwa inklinometa mbili (vifaa vya kupimia digrii za mwinamo), kuinama mbele nimepata digrii 34, 39, kisha 25. Mwenye faili anasema mtu huyu anajifanya. Niandike hivyo?

Fizio_Malindi
Waalaykum salaam. Usiandike. Wastani wako ni 32.7, na wastani ukiwa chini ya 50 kila kipimo sharti kiwe ndani ya digrii 5 za wastani huo (ukizidi 50, ni asilimia 10). Hivyo seti haifai, basi. Una ruhusa ya kufika vipimo 6, mpaka vitatu vinavyofuatana vikubaliane. Si kuokota vitatu vinavyopendeza.

Tuwekee namba ghafi, ya juu na ya chini.

Mpimaji_Mkomani
Juu, pingili ya 12 ya kifua: 62, 70, 58. Chini, kwenye sakramu (mfupa wa chini ya kiuno, unaoonyesha mwendo wa nyonga): 28, 31, 33. Nimetoa ya chini kwenye ya juu, ndiyo 34, 39 na 25.

Fizio_Malindi
Hapo ndipo penye jibu. Mtu akijizuia, mara nyingi nyonga nazo hujizuia. Huyu nyonga zimeendelea kufunguka, 28 hadi 33, ilhali ya juu imeporomoka digrii 12. Nadhani inklinometa ya juu iliteleza. Kwa joto hili jasho hukusanyika katikati ya mgongo. Futa kwa kitambaa kikavu, chora alama kwa kalamu ya wino akiwa amesimama wima, na kila akiinama hakikisha kitako cha kifaa kiko juu ya alama. Pingili yenyewe usiikisie kwa mbavu: shika kingo za juu za mifupa ya nyonga, hapo ni pingili ya 4 ya kiuno, uhesabu kwenda juu.

Na umpashe moto kwanza: kuinama mbele na nyuma mara mbili, kujizungusha kushoto na kulia mara mbili, kuinamia kila upande mara mbili, kisha mbele na nyuma mara moja tena. Ukiruka hatua hii, vipimo vya mwanzo huwa vifupi.

Daktari_Langoni
Naongeza mawili. Kikoi kishushwe chini ya vile vishimo viwili vya juu ya makalio, maana pindo lake hubeba kifaa cha sakramu na kukiinamisha. Na msihakiki sifuri kwa ukuta wa nyumba zetu za mawe, nyingi zimelala. Ning'iniza timazi ya fundi, ulinganishe na uzi.

Kisha mlaze chali, umnyanyue mguu ulionyooka, kila upande. Chukua digrii za ule mguu mgumu zaidi, yaani unaonyanyuka kidogo kuliko mwenzake, ulinganishe na jumla ya mwendo wa sakramu, mbele na nyuma. Mfano: sakramu mbele 33, nyuma 6, jumla 39. Mguu ukifika 52 tofauti ni 13, kipimo kinasimama. Ukifika 58 tofauti ni 19, imezidi 15, na kuinama mbele kunabatilika. Ukaguzi huu ni wa jumla ya sakramu iliyo chini ya kawaida, yaani 55 kwa mwanamume na 65 kwa mwanamke. Na kubatilika si ushahidi wa uongo. Maumivu na hofu hufanya hivyo hivyo.

Mpimaji_Mkomani
Ahsanteni. Nimeanza upya leo, na timazi: 36, 35, 37. Mguu mgumu 50, sakramu 32 na 6. Niandike wastani, 36?

Fizio_Malindi
Hapana. Wastani ni wa kupima ulinganifu tu. Kwenye jedwali unaingia na kubwa kuliko zote katika seti halali, yaani 37, dhidi ya 60 ya kawaida. Taja toleo waziwazi, kwa sababu toleo la 6 la mwaka 2008 halitumii tena mwendo kukadiria mgongo. Ile seti ya kwanza pia iambatanishe, ukieleza kifaa kiliteleza. Sheria yetu ya Kenya ya 2007 ya mafao ya majeraha kazini inahesabu fidia ya ulemavu wa kudumu kwa msingi wa mshahara wa miezi 96, kwa hiyo neno "anajifanya" kwenye faili lingemgharimu mchukuzi huyu pesa nyingi kwa sababu ya jasho.